Risasi Menoni

Hapa Mji wa Kale watu walivumisha kuwa sumu ya risasi, yale madini laini ambayo mafundi redio huyayeyusha kuunganishia nyaya, humfikia hata mtoto aliye tumboni. Uvumi huo haukunitoka moyoni.

Siku moja nikampelekea chai mwanangu Munazza, mja mzito, aliyekuwa akijifunza kuchomea vile vidude vya redio za siku hizi, vidogo kama ufuta. Mkono mmoja ameshika kibano, mwengine chuma cha moto. Waya wa risasi ameung'ata kwa meno.

"Utoe, mwanangu!"

Akautema, akacheka. "Mama, kwani nina mikono mingapi?"

Mdomo wake wa chini ulikuwa na mstari wa kijivu. Kabla sijamzuia, akainua kikombe akanywa.

Kwa hiyo nakwambia, fundi: usiume risasi. Usichomee dirisha likiwa limefungwa. Usile wala usinywe kabla ya kunawa. Ukiwa na mimba, usiiguse kabisa.