Chini ya Godoro

Walipofika kisiwa cha tatu, Tunukiwa alipekua begi mara ya nne, kisha akakaa chini. "Pasipoti nimeiacha kisiwa cha pili. Chini ya godoro."

"Godoro!" Mbarouk, mwanafunzi mwenzake, aliangua kicheko. "Mama yako kakufundisha kuficha, kasahau kukufundisha kukumbuka."

Meli ya kurudi nchini kwao ingeondoka hapo saa kumi. Boti ya kisiwa cha pili haikuwepo mpaka kesho. Mwanamke aliyekuwa akianika mwani aliwasikia.

"Boti ya nini, mwanangu? Vua viatu, ungoje."

Saa sita bahari ikaanza kujikunja kama mkeka. Njia ya mchanga mweupe ikatokea, imenyooka hadi kisiwa cha pili. Mbuzi wa mwanamke yule wakatangulia kuvuka. Mbarouk hakucheka tena.

"Kimbia," mwanamke alisema. "Maji yanarudi saa nane."

Tunukiwa alikimbia, akainua godoro, akaichukua pasipoti, akageuka. Katikati ya njia, bahari ikiwa kulia na kushoto kwake, alisimama kabisa kuitazama.

"We Tunu! Maji hayo!" Mbarouk alipiga kelele ufukweni.

Hakusikia. Mbuzi wa mwisho, naye akirudi, akamsukuma kwa pembe, akampita; ndipo Tunukiwa akazinduka, akamfuata mbio.