Tundu la Sindano

Tangu cherehani ya umeme iingie humu dukani, mume wangu haniiti tena nimtungie uzi. Macho yake hayalioni tundu la sindano. Miaka yote nililamba uzi mimi, nikamwegemea begani, nikatunga. Sasa anabonyeza kitufe tu, kijichuma chake kinavuta uzi tunduni chenyewe.

“Huyu hanuni,” aliwaambia wateja leo, akiipapasa cherehani mgongoni utadhani bi mdogo. Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Alipotoka kunawa, nikakishika kile kijichuma kwa kucha. Chembamba kama unywele. Nikakikunja mpaka kikakatika.

Akarudi. Akabonyeza, akabonyeza tena.

“Mama watoto!”

Uzi ulikuwa tayari mdomoni mwangu, umelowa.

“Mke wangu, njoo basi.”

Nikangoja aite tena.