Nyani Achagua Pa Kununua Kobe

Zamani wanyama walipokuwa wakifugana wenyewe kwa wenyewe, Nyani alitaka kobe aliyekomaa wa kuwaringishia wageni. Akaenda kwanza kwa Korongo, mlezi wa makobe.

"Ua wako una msingi?" Korongo aliuliza. "Kobe mkubwa hufukua. Na ukifa wewe, nani atamlea?"

"Nimekuja kununua, sikuja kuposa!" Nyani alifoka, akaondoka.

Sokoni, Kunguru hakuuliza kitu. "Mchukue huyu, bosi wangu. Mpole, miaka arobaini, hajui kutoroka."

Nyani akalipa, akampeleka kobe nyumbani na kumpaka doa jekundu mgongoni asije akaibwa. Siku ya tatu kobe akafukua chini ya ua, akarudi zake kwa Kunguru, ambaye humwekea mchicha kila anaporudi.

Nyani naye akarudi sokoni kutafuta mwingine. Akaliona lile doa.

"Mbona huyu kama wangu?"

"Ni ndugu yake, bosi. Ukoo wao wote una doa."

Nyani akalipa tena. Njiani alimsimulia kila aliyekutana naye: "Kunguru anaijua kazi yake! Kobe huyu ndiyo kwanza nimemnunua, na njia ya kwangu tayari anaijua."