Mazoezi ya Kumkimbia Mkwe

"Mkweo huyo! Lala!"

Bujiku akaanguka puu, tumbo likatangulia. Mkwe mwenyewe alikuwa pipa la maji lililovikwa kanga.

"Umeshaumbuka," alisema Zamoyoni, askari aliyerudi kutoka vita vya Burma na filimbi shingoni. "Kakuona mpaka kitovu."

Bujiku alikuwa mpishi wa kambi ya mgodi, na chungu alikionja mpaka kikaisha. Unene haukumsumbua hata kidogo, hadi mkewe, Mbuke, alipojifungua na kumtangazia: "Baba Mageni, mayu aliyenizaa anakuja kunisaidia mtoto. Atakaa mpaka mvua ziishe."

Salaala! Mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Wakionana njiani, kila mmoja achepuke ajifiche. Asiyewahi hulipa mbuzi, na mbuzi si kitu. Balaa ni wimbo. Mchimbaji mmoja, Jilala, aligongana na mkwewe kisimani, na mpaka leo anaimbwa ngomani hadi Ushirombo.

"Nipe vyuma nibebe," Bujiku alimsihi mwalimu wake.

"Vyuma vya nini? Huo mwili wako ni mzigo tosha. Anza na mepesi: kimbia, chuchumaa, ruka, lala kifudifudi uinuke. Na ukimwona tu, kimbilia upande wa jua. Akikutazama, macho yatamuuma."

Basi kila asubuhi Bujiku alizunguka kambi akitweta, wachimbaji wakimpigia masufuria. Alichuchumaa huku akisonga ugali. Alhamisi tu ndiyo alipumua, maana Zamoyoni alidandia lori kwenda Buseresere kumfundisha mtu mwingine.

"Mwenzako magoti yake mabovu," Zamoyoni alimsimanga, "lakini halalamiki. Wewe kazi yako kulia tu, kama fisi mwenye njaa!"

Bujiku aliumia, akaongeza bidii. Suruali ikaanza kumvuka. Wachimbaji wakachoka kucheka, wawili watatu wakaanza kukimbia naye.

Siku yenyewe ikafika. Lori la Buseresere lilisimama njia panda asubuhi, wakati Bujiku anarudi na mzigo wa kuni. Akainua macho: mama mmoja, kikapu kichwani, anamjia moja kwa moja. Ndiye!

Kuni chini. Bujiku akachomoka upande wa jua, akaruka mtaro, akajitupa kifudifudi nyuma ya kichuguu. Kimya. Hakuna mbuzi, hakuna wimbo. Furaha ilimjaa, nusura apige vigelegele kama mwanamke.

Ndipo akasikia mtu anahema ubavuni pake.

Mama mkwe alikuwa amelala kifudifudi, miguu imenyooka barabara, kanga imemfunika uso.

"We kichuguu," alisema huku pumzi zikimpaa, "mwambie huyo uliye naye: mbuzi atalipwa na Zamoyoni."