Volti Ishirini na Nne

"Umesikia?" Fundi aliuliza akihema mlangoni.

Binti yake hakuinua macho kwenye cherehani. "Nisikie nini, mama?"

Moyo ukampasuka paa! Kengele ya moto ilikuwa inalia juu ya kichwa cha mwanawe, na mwanawe hana habari.

Hapa ni ghorofa ya sita, kwenye chumba cha washonaji. Kule chini mdogo wake Fundi alikuwa amekibonyeza kitufe cha majaribio kwa nguvu zote, kana kwamba kidole kingeongeza umeme. Kengele ya chini ilipasua masikio. Ya huku juu ilinong'ona.

Mwenye jengo hakuona tatizo. "Volti kumi na mbili zinawasha gari zima, sembuse kengele?"

"Gari halina ghorofa sita, bosi. Waya ni mrefu, umeme unafika hoi. Nipe ishirini na nne."

Wiki nzima walivutana. Wiki nzima Fundi alibadili waya, akapima, akapanda ngazi mbio, akachungulia: "Na sasa je?" Siku iliposikika kidogo, washonaji walitimka wakikanyagana. "Rudini, ni mimi!" akawapigia kelele. Baadaye hawakungoja kuambiwa kwamba ni yeye; ikilia, hawakuinuka vitini. Wakawa wanamcheka tu.

"Mama, unanitia aibu," binti alilalamika. "Nenda kapumzike."

Angepumzikaje? Chumba kile kilijaa vitambaa hadi darini, na ngazi ya kushukia ilikuwa moja tu. Kila alipokiwaza usingizi ulimruka.

Mwishowe mwenye jengo alichoka, akasalimu amri, akaenda zake. Betri mbili zikaunganishwa, volti zikatimia ishirini na nne. Fundi alimwachia mdogo wake kazi ya kubonyeza, akapanda juu kusubiri, akitembea huku na huko ukumbini kama mtu aliyekanyaga siafu.

Ikalia! Ikalia mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Fundi alipiga makofi peke yake, machozi yakimlengalenga.

Binti alichungulia, akacheka. "Leo tumesikia, mama. Hongera!" Kisha akaurudishia mlango kupunguza kelele.

Fundi alipiga simu, akipayuka ili kuishinda kengele. "Achia kitufe! Inatosha, tumefaulu!"

"Kitufe gani, dada?" mdogo wake alishangaa. "Mimi niko dukani, nimefuata bisibisi. Sijabonyeza kitu bado."

Nyuma ya mlango, cherehani ziliendelea kukimbia.