Fundo Kabatini

Mnara wa mianzi uliofunikwa mikate ya sikukuu ulianguka siku ya nane ya mwezi wa nne, saa tano kasoro robo asubuhi. Mikate ya mvuke ilibiringika uwanja mzima mbele ya hekalu, na mianzi ikamlalia Sau-ngan, aliyekuwa akiwagawia mafundi chai. Mumewe, Shui-kuen, fundi mmoja kati ya arobaini walioujenga mnara ule, alimchimbua kwa kucha. Mkewe akaishi siku tatu tu.

Huu mwaka wa sita, na Shui-kuen hatulii. Kila sikukuu, patu zikilia na watoto wakipandishwa juu ya vyuma vilivyofichwa, waonekane wanaelea, yeye hupita katikati yao na swali lake moja: "Nani alifunga lile fundo?"

Maana fundo lilionekana. Ukanda wa mwanzi uliolegea kwenye kiungo cha mnara, wakubwa wa kamati ya sikukuu waliukata na fundo lake siku ileile, wakaufungia kabatini. Wakubwa ndio hao. Mnyonge akikosea anatangazwa sokoni. Wao wakikosea, kabati lina kufuli.

Asubuhi hii alinunua mikate miwili ya kaburini, akaifunga mwenyewe kwa uzi.

"Taratibu, Kaka Kuen!" Mama Kiu, mwuza mikate, alicheka. "Unafunga kinyume kama kawaida yako. Marehemu mkeo alikuwa akinilalamikia: kufungua mpaka kisu!"

"Mwache alale," alisema, akaondoka na mikate yake.

Maandamano yalipoanza, akaenda kulala chali barabarani, mbele ya kiti cha mungu. Wabebaji wakasimama, kiti kikiyumba mabegani mwao. Patu zikanyamaza.

Mwenyekiti Fung akaja mbio, jasho limemlowesha joho.

"Inuka, ndugu yangu. Mungu anasubiri."

"Asubiri. Mimi nimesubiri miaka sita."

"Siku tatu hatujagusa nyama, hata samaki, tusimuudhi. Leo unataka kutuharibia?"

"Mlishaharibu. Unamficha nani, Fung? Mwanao? Shemeji yako?"

Fung alitazama umati, akainama mpaka sikioni. "Tuliapishwa. Sau-ngan mwenyewe, kitandani hospitalini. Alituomba lisitoke."

"Muongo! Hata maiti humwonei haya?"

Fung alinyooka. Alionekana mzee ghafla. Akatoa ufunguo mfukoni, akamwongoza hekaluni.

Ofisini, nyuma ya madhabahu, kabati lilifunguka kwa shida. Kitambaa chekundu. Ndani yake, ukanda wa mwanzi uliokauka, na fundo.

"Tulijaribu kulifungua," Fung alisema, macho chini. "Hakuna aliyeweza."

Shui-kuen alililaza kwenye kiganja cha kulia. Alikuwa na matusi tayari mdomoni, ya miaka sita. Akaligeuza mara moja. Mkono wake wa kushoto ukaja wenyewe, vidole vikapita chini, vikazunguka, vikavuta.

Fundo likafunguka.

Fung alikuwa ameshageukia ukutani.

Nje, wabebaji walikuwa bado na kiti mabegani. Shui-kuen alitoka na ukanda ukining'inia mkononi. Mama Kiu alisogea wa kwanza, akifuta mikono yenye unga kwenye aproni.

"Haya, Kaka Kuen, umeliona. Nani alilifunga?"