Miiba Iliyobaki Mahabusu

Siku ambayo porini bado inasimuliwa, Nungunungu alitoka mahabusu mgongo mtupu, damu ikimchuruzika, akaenda moja kwa moja barazani kwa Mfalme Nyati.

"Mtukufu, askari wako wamenipiga."

Fisi, mkuu wa askari, akaangua kicheko. "Aliteleza akaanguka, Mtukufu."

"Ushahidi uko wapi?" Nyati akamuuliza Nungunungu.

"Umebaki kwa askari wako. Niliingia kwako mzima. Kuutafuta ni juu yako, si juu yangu."

Baraza likavuma. Nyati akainuka. "Fisi, nyoosha viganja."

Fisi akavirudisha nyuma. Nyati akavivuta mwenyewe: miiba ya Nungunungu ilikuwa imezama humo.

"Na hii," akauliza Nyati, "nayo iliteleza?"

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Fisi akakosa kicheko.